Nyumba, barabara na mikro: maswali yanayoulizwa mara kwa mara juu ya vile habari zinaongelea watu wasio na makao apa Goma

Nimefanya radio apa Goma, mashariki ya Congo, miaka mingi, na haya maswali yanarudi kila mara: ku simu za asubuhi, ku WhatsApp ya wasikilizaji, ku mikutano ya kartiye (mtaa). Nimeyaandika pamoja ili nisiwe nikijibu mmoja mmoja. Swali likigusa lingine, nitakuambia uangalie wapi.

## Kwanza tuelewane na maneno

Mukisema "watu wasio na makao" munaongelea nani? Apa si Ulaya, apa hakuna mtu analala ku karton.

Wapo. Pita Birere usiku sana, ao pembeni ya soko Virunga, utaona watoto wamelala chini ya meza za wamama wa soko, wamejifunika gunia. Hao njo kila mtu anawafikiria.

Lakini kuna wengine. Kuna wale walikuwa ku hema za shitingi (plastiki) mu kambi za Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya, Rusayo. Kuna wale nyumba ya mbao iliungua usiku mmoja na aveni nzima. Kuna mpangaji alifungiwa mlango na mwenye nyumba na vitu vyake bado viko ndani. Kuna familia ilinunua kiwanja, kumbe kiliuzwa mara mbili, leo wako njee na karatasi mkononi. Na kuna kundi ambalo mimi naona njo kubwa na kamera hailioni kabisa: wale wanalala kwa ndugu.

Hao wa mwisho nawajua vizuri juu nilikuwa mmoja wao. Tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu Nyiragongo ilishuka mpaka katikati ya mji, lava ikapita na nyumba yetu Birere, na tukaenda kwa mama mkubwa Ndosho. Watu 17, vyumba viwili. Wakubwa walilala kwa zamu, wanaume wanatoka saa kumi za alfajiri ili watoto wajinyooshe, mama mkubwa alikuwa anapika sufuria moja na anajifanya hana njaa. Tulikaa vile miezi 11. Hakuna mtu alikuja na mikro, na ukituona asubuhi tumevaa uniforme tunaenda masomo ungesema wale wako na kwao.

Muhami, mukimbizi, musinistre, si ni kitu kimoja? Wote wameacha nyumba.

Kwa mtu anayelowa mvua ni kitu kimoja, ndiyo. Kwa habari hapana, juu kila neno linafungua mlango wake.

Mukimbizi ni mtu aliyevuka mpaka. Mtu wa Masisi akikimbilia Goma, bado yuko mu inchi yake, ni muhami, na mwenye kumulinda wa kwanza ni serikali yake mwenyewe. Kuna maandishi juu ya hiyo: Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 na Mkataba wa Kampala wa 2009 wa Umoja wa Afrika. Musinistre ni yule aliyepoteza kwa sababu ya volkano, moto, maji ao udongo kuporomoka. Sasa radio ikimwita muhami "mukimbizi" kila siku, pole pole watu wa mji wanaanza kumuona kama mgeni, na mgeni anaulizwa atarudi lini. Nilisikia mama mmoja ku foleni ya maji akiambiwa "nyinyi wakimbizi muache tuchote kwanza", na alikuwa mtu wa Sake! Sake ni kilometa kama 25 tu kutoka apa.

Munakataza neno "maibobo" kwa watoto wa barabara? Kila mtu analitumia, hata wao wenyewe.

Sikatazi. Watoto wenyewe wanaitana vile, kama Lubumbashi na Kinshasa wanasema shege. Mtoto akijiita maibobo mbele ya wenzake, ni jina lake na wenzake.

Shida inaanza pale jina linaingia ku kichwa cha habari na linafanya kazi ya sababu. "Maibobo wavamia duka." Apo umeshamaliza kueleza, msikilizaji haulizi tena. Jaribu kuweka "watoto watatu wanaolala sokoni", utaona msikilizaji anauliza mara moja: wanalala sokoni juu ya nini? Wazazi wako wapi? Neno moja limefungua swali, lingine limelifunga. Hata Associated Press, shirika kubwa la habari la Marekani, mwaka 2020 liliambia waandishi wake waache kuwaita watu wasio na makao kwa jina moja la jumla kama ni aina ya watu, waseme ni mtu, kisha waseme hana makao. Na mimi naongeza: useme tangu lini.

## Vile ripotaji inatengenezwa

Kwa nini jurnalisti anakuja paka siku ya bomu ao siku ya volkano, kisha anapotea?

Hili njo swali linaloulizwa kuliko yote, na watu wanaliuliza na hasira, wako na haki.

Angalia vile ilienda. Tarehe 22 Mei 2021, jumamosi usiku, Nyiragongo inalipuka tena, lava inafika Buhene karibu na uwanja wa ndege. Tarehe 27 Mei otorite inaamuru kartiye 10 kati ya 18 za mji zihame, watu mamia ya maelfu wako barabarani kwenda Sake, Minova, Rutshuru, wengine Gisenyi. Dunia nzima ilikuwa apa. Wiki kazaa kisha, watu wa mji walirudi kwao na kamera zikaenda. Lakini wale nyumba zao zilikuwa chini ya lava hawakuwa na pa kurudi, wakabaki Kanyaruchinya. Oktoba 2022 vita ya M23, kundi la waasi, inasukuma watu wa Rutshuru, wanakuja kukaa fasi ile ile, Kanyaruchinya, na wasinistre wa volkano walikuwa bado apo! Kamera zinarudi, zinapiga picha ya hema mpya, na hema za zamani ziko nyuma ya picha. Mwezi Mei 2024, tarehe 3, mabomu yanaanguka ku kambi za upande wa Lac Vert na Mugunga, kamera zinarudi tena.

Kila kurudi kulikuwa na sababu nzuri. Ile inakosa ni ya katikati. Kupoteza nyumba kunachukua saa moja, kupata ingine kunachukua miaka, na habari inakaa ku ile saa moja. Kuna sababu za kawaida: redaksio haina pesa ya pikipiki kila wiki, mkubwa wa redaksio anataka "ya leo", na musinistre wa miezi 18 hana "ya leo" ya kukupa, hali yake ni ile ya jana. Naielewa hiyo, nimeiishi. Lakini tusiseme haiwezekani, juu radio ile ile inapata nafasi ya kufuata championa ya mpira mechi kwa mechi msimu mzima.

Kwa nini kila habari inaanza na idadi? Watu elfu hivi, menaji (familia) hivi.

Juu idadi njo kitu rahisi kupata bila kuuliza mtu. Inatoka ku mashirika ya Umoja wa Mataifa, OIM, HCR, OCHA, ao ku komite ya kambi, na inafika ku simu yako ikiwa tayari. Si mbaya, bila idadi hakuna chakula kinakuja. Lakini ujue ile idadi ilihesabiwa kwa kazi gani: wanahesabu ili kugawa. Aliyekaa kwa mama mkubwa mara mingi hayumo mu lisiti. Kwa hiyo ukisikia "idadi ya wahami imepungua", uliza kwanza: wamepata nyumba ao wametoka ku lisiti?

Na kitu kingine, menaji si mtu. Nimesikia ku antene mtu anasoma "menaji elfu mbili" kisha mwenzake saa sita anasema "watu elfu mbili". Menaji moja inaweza kuwa na watu watano, saba. Umefuta watu maelfu mu sentensi moja.

Ni kweli jurnalisti analipwa na ONG (mashirika ya misaada) ili aongee vizuri?

Kupaji, ile pesa jurnalisti anapewa na anayemwita, iko, kila mtu mu mestie anaijua. Shirika linagawa sabuni na shitingi, linaita jurnalisti, mwisho kuna envelopi ya transporti. Jurnalisti wengi hawana mshahara wa kweli, ao wanakaa miezi bila kulipwa, na ile envelopi njo inalisha watoto wake. Kwa hiyo sitamutukana mtu hapa.

Lakini angalia kupaji inafanya nini ku habari. Haimufanyi jurnalisti aseme uongo, mara mingi yote anayosema ni kweli. Inachagua mahali anaenda. Anaenda kule kuna ugawaji, juu kule njo kuna transporti. Fasi hakuna ONG, hakuna habari. Mpangaji aliyefukuzwa Majengo hawezi kulipa transporti ya jurnalisti, basi hayupo. Na habari ya ugawaji inafanana kila siku: mukubwa anaongea, mama anashukuru, mwisho. Mama anashukuru kweli, juu amepata sabuni, lakini hakuna aliyemuuliza mlango wake ulikuwa wa rangi gani.

Juu ya nini ku picha ni kila mara mama na mtoto analia?

Juu mnunuzi wa picha anaijua ile picha. Mwanaume asiye na nyumba anatisha ao anaonekana mvivu, mama na mtoto wanahurumiwa bila maswali. Matokeo ni mbili. Wanaume wa kambi wanabaki bila sura, na siku wanapoonekana ni ku habari ya usalama. Na yule mama anageuka kuwa mtu wa kulia tu, wakati ulimukuta amepanga mawe matatu, amewasha moto na makala mvua ikinyesha, ameuza nyanya tangu saa kumi na mbili, anajua bei ya kila kitu pale.

Dada mmoja wa Lushagala aliniambia picha yake ilipigwa akinyonyesha, hakuulizwa, kisha jamaa wake aliiona ku simu akiwa Kampala. Alichosema nakishika mpaka leo: "Wangeningojea tu nivae kitenge vizuri." Dakika moja. Alitaka dakika moja.

## Watoto wa barabara

Lakini kweli wanaiba. Habari ifiche ukweli?

Isifiche. Mtu aliyenyang'anywa simu Birere ameumia na ni haki yake isemwe, na kuna vijana wa barabarani wanaoiba, wengine wako mu vikundi vinavyoogopesha kartiye nzima. Nikisema hapana utaacha kunisoma, na utakuwa na haki.

Ninachouliza ni hesabu. Wale watoto wanabeba mizigo, wanachota maji ziwani, wanaokota chupa, wanaosha pikipiki. Hiyo ni kila siku na haiingii ku habari hata mara moja. Kinachoingia ni ile siku moja ya wizi. Shanto Iyengar, mwalimu wa Marekani, alionyesha mwaka 1991 kwamba watu wakiangalia habari ya umaskini iliyopigwa ku mtu mmoja mmoja, wanaelekea kumulaumu yule maskini, na wakiangalia habari inayoeleza hali nzima wanaelekea kuuliza serikali na jamii. Mtu yule yule, umaskini ule ule. Kilichobadilika ni vile umeelezewa.

Kisha kuna ile ya kuonyesha watuhumiwa. Wanapangwa chini wamekaa udongoni, otorite inaongea, kamera zinapita ku uso mmoja mmoja, na wengine ni watoto kabisa. Hakuna hakimu aliyewaona. Sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inasema mtoto ni kila asiyefika miaka 18, asiyefika 14 hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai, na mtoto anayezurura ao anayeomba omba inamuweka mu wale wanaohitaji ulinzi wa pekee. Mbele ya hiyo tulikuwa na dekre ya mukoloni ya 6 Desemba 1950, ambayo yenyewe ilikuwa inasema "utoto wa uhalifu". Sheria imebadilika 2009, ripotaji zetu mingi bado zinaongea 1950.

Na kama mtoto anasema alifukuzwa juu waliona ni muchawi? Tumupe antene?

Ongea hiyo habari, lakini usimuweke mtoto mbele ajitetee kama ni kesi. Nimesikia emisio moja, mtangazaji anamuuliza mtoto wa miaka tisa "lakini wewe, usiku unatoka ao hautoki?" Nilizima radio mikono ikitetemeka. Katiba yetu, artikle 41, inakataza kumutupa mtoto, kumutesa na kumushitaki uchawi, vyote mu sentensi moja. Mwenye kuulizwa ku mikro ni yule aliyemufukuza na yule aliyesema kanisani kwamba ni muchawi. Mtoto aulizwe anakula wapi na analala wapi, na jina lake na sauti yake vifichwe.

## Zile ngumu

Kambi zilipovunjwa 2025, habari zilisema "wahami wamerudi nyumbani". Si ni vizuri?

Goma iliingia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, na mu Februari kambi za kuzunguka mji zikabomolewa mu siku chache sana. Watu walifunga shitingi kichwani wakaenda. Wengine walitaka kweli kurudi, walikuwa wamechoka na kambi, hiyo isemwe pia.

Lakini "kurudi nyumbani" kuna maneno mawili na unapaswa kuhakikisha yote mawili. Kurudi: alichagua ao alipewa masaa? Nyumbani: nyumba iko? Wengi wa upande wa Sake na Masisi walikuta paa imetolewa, mbao imechomwa makala, shamba lina mtu mwingine. Yule sasa analala wapi? Amekuwa muhami mu kijiji chake, na hakuna neno la kumuita, na juu hakuna neno hakuna habari. Ukiripoti, sema paka ile umeona: "wametoka kambini". Kama haujafika kule wameenda, ishia apo.

Mpangaji akifukuzwa juu ya garanti (pesa ya miezi ya mbele), ile ni habari kweli? Inafika kila siku.

Juu inafika kila siku njo inapaswa kuwa habari. Nyumba za mji huu zinalipwa kwa dola, mwenye nyumba anaomba garanti ya miezi mitatu, wengine sita, na tangu Januari 2025 benki za Goma zikafungwa, mtu alikuwa na pesa yake mwenyewe na hawezi kuishika. Mwalimu, infirmie, mlinzi, watu wa kazi kabisa, wakaanza kurudi kwa wazazi na watoto wanne. Artikle 48 ya katiba inasema haki ya makao yenye heshima inahakikishwa. Soma ile artikle ku antene kisha upige simu ku komini uulize habari ya garanti, una emisio nzima tayari bila kutafuta envelopi (angalia swali la kupaji).

Inchi zingine wanafanya aje?

Fupi tu. San Francisco, 29 Juni 2016, vyombo vya habari zaidi ya 70 vilikubaliana kutoa habari za watu wasio na makao siku moja na kuuliza nini kinaweza kufanyika. London tangu 1991 kuna gazeti The Big Issue, wanaouza ni watu wasio na makao wenyewe, na faida ya kila kopi ni yao. Kule shida ni ingine, baridi ni ingine, siwezi kusema tunakili. Lakini ile ya radio zote za mji kukubaliana siku moja, apa inawezekana kesho, tunajuana wote.

Walinirekodi na sikupenda vile walinionyesha. Ninaweza kufanya nini?

Mbele ya kurekodi unaweza kukataa, na haupaswi kueleza sababu, hata kama aliyekuja amekuja na shefu wa kambi, hata kama umepewa sabuni. Unaweza kukubali sauti na kukataa picha. Unaweza kuuliza itatoka wapi, juu siku hizi kila kitu kinatoka pia ku Facebook na kinakaa pale.

Ikishatoka, enda ku radio yenyewe na mtu mmoja wa kukusindikiza, omba mkubwa wa redaksio, sema tarehe na saa ya emisio. Sheria ya habari inakupa haki ya kujibu. CSAC njo chombo cha taifa cha kuangalia radio na televizio, unaweza kuandikia kule, lakini kwa kweli mlango wa redaksio unafungua haraka zaidi. Mimi mara mbili nimetoa picha ku ukurasa wetu juu mwenyewe alikuja kuomba. Dakika tano.

Mimi ni jurnalisti kijana, nianzie wapi?

Anza na tarehe. Kila mtu asiye na nyumba ana siku ambayo alikuwa nayo na kesho yake hakuwa nayo. Muulize hiyo siku. Ilikuwa lini, nani alikuwa mlangoni, karatasi gani ilionyeshwa, ulibeba nini, uliacha nini. Mwenye kueleza atakaa wima, utaona, juu kwa mara ya kwanza unamuongelea kama mwenye nyumba. Kisha uliza usiku wa pili alilala wapi, na wa tatu. Andika namba ya simu, rudi miezi mitatu kisha, hata kwa simu tu, dakika mbili za antene zinatosha.

Mimi si jurnalisti, ninalala kwa shemeji tangu mwaka jana. Ninaweza kupiga simu ku emisio?

Piga. Piga asubuhi mapema mbele ya kominike. Haupaswi kusema jina lako wala jina la shemeji, juu tunajua vile nyumba ya watu ilivyo. Sema kartiye na aveni ulikuwa unakaa, nyumba ilikuwa na vyumba ngapi, na tarehe uliyotoka. Mkipiga simu watatu wa aveni moja, kesho yake natuma mtu kule.